Kapu la Barua: Jinsi Mwalimu Anavyojifunza Kuwa Mwalimu Mkuu



Muhula uliopita wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili walinikuta nimeketi chini ya mwembe, kitabu magotini na kalamu mkononi, nanakili maneno kama mtoto aliyepewa adhabu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hata wewe una mtihani?" Nikamjibu kwamba ninao, tena mgumu. Wakatazamana, wakaziba vinywa vyao kwa adabu, wakaenda zao. Siku ya pili yake habari zilikuwa zimeenea shule nzima ya kwamba mwalimu wa hesabu kumbe hajamaliza shule. Basi, kwa kuwa mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike jambo lo lote lenye faida, nimeona ni vema nieleze mtihani huo ni wa nini, na kwa sababu gani mtu aliyefundisha kwa miaka 14 arudi tena kuwa mwanafunzi.

Ninachosomea ni kazi ya mwalimu mkuu. Najua wengine watacheka zaidi wakisikia hivyo, maana wengi wetu twadhani kazi hiyo haisomewi. Nilipokuwa mtoto huko Kivu ya Kusini, mkuu wa shule ya msingi tulimwita direkta, na mkuu wa sekondari prefe. Nami niliamini kabisa kwamba prefe huzaliwa prefe, na miwani yake na fimbo yake. Baadaye nilipoanza kufundisha niliamini jambo jingine, ambalo halikuwa na akili zaidi ya lile la kwanza: ya kuwa mwalimu mkuu ni mwalimu mzuri aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wenzake.

Wala si mimi peke yangu. Katika nchi nyingi za Afrika njia ya kufikia cheo hicho imekuwa ni moja. Mwalimu hufundisha vizuri, hupanda daraja, na siku moja hupata barua ya kumwambia aripoti shule fulani Jumatatu, awe mkuu. Hukabidhiwa funguo, muhuri na daftari ya fedha. Mafunzo ya kazi yenyewe, kama yapo, huja baadaye, labda wiki moja au mbili wakati wa likizo. Kwa hiyo shule hupoteza mwalimu hodari wa darasani, na pengine isipate mkuu hodari badala yake. Maana kazi hizi mbili hazifanani. Darasani mimi ninao watoto 60 au 100 mbele yangu. Nawaona, nao wananiona. Mwalimu mkuu anao watu wazima 20, na kila mmoja ana mlango wake wa darasa, na akitaka aweza kuufunga.

Nayajua haya kwa kuyaonja. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikaimu cheo cha mwalimu mkuu kwa muhula mmoja, mwenyewe akiwa mgonjwa. Sikuacha kufundisha hesabu, na nasema bila majivuno kwamba darasa langu lilifanya vizuri. Lakini karatasi zilikuwa zikija. Zilikuja asubuhi, zilikuja mchana, nyingine zilisukumwa chini ya mlango. Nilizitia katika katoni ya sukari iliyokuwa chini ya meza, na jioni nilijibu zile zenye muhuri, maana ndizo nilizoziogopa. Muhula ulipokwisha nilikaa kuisafisha katoni ile, nikakuta nusu ya karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya msichana wa Kidato cha Kwanza. Aliandika kwamba nyumbani yeye ndiye achotaye maji, na zamu yao ya pampu ni alfajiri, na foleni ni ndefu; kwamba amefukuzwa darasani mara tatu kwa kuchelewa; na je, yawezekana afanye majaribio ya somo la kwanza wakati wa mchana? Alimalizia, "Mimi mwanafunzi wako mtiifu."

Nilikwenda kutazama daftari ya mahudhurio. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari tangu wiki ya sita. Nikamtafuta kwao, jirani akaniambia wamehamia upande mwingine wa kambi, na binti haendi shule tena. Nilizunguka siku mbili. Sikumpata.

Tangu wakati huo nilitaka kujua kama kuna mahali watu wanapofundishwa kazi ile niliyoiharibu.

Hapa yafaa niwaeleze kidogo wasomaji wasioishi kwetu. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Zamani palikuwa gereza, ambapo serikali ya Dr. Banda iliwafunga wapinzani wake. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Yalipangwa kwa watu kama 10,000, nasi leo twazidi 50,000, wengi wetu Wakongo, na Warundi na Wanyarwanda, na ndiyo maana Kiswahili kimekuwa lugha ya soko letu katika nchi ya Kichewa. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha kazi ya mshahara na kile cha mtu kwenda apendako. Mkimbizi akitaka kwenda mjini yampasa kuwa na ruhusa. Mara ya kwanza nilipokwenda Lilongwe kwa ajili ya jambo hili niliingoja karatasi siku 3, na safari yenyewe, kwa minibasi kupita Lumbadzi, ilikuwa ya saa moja na kidogo tu.

Nilikwenda maktabani. Mzee aliyekuwa mezani alinisikiliza kwa upole, akaniletea vitabu vitatu vya zamani vya uongozi wa shule. Viwili havikunisaidia, vilijaa michoro ya visanduku na mishale, kila kisanduku juu ya mwenzake. Katika cha tatu ndipo nilipolikuta kapu.

Habari ya kapu hilo ni hii. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, mtaalamu mmoja wa kupima akili na tabia za watu, jina lake Norman Frederiksen, alitengeneza mtihani kwa ajili ya maofisa wa jeshi la anga. Hakuwapa maswali. Aliwapa kapu la barua, kama lile liwekwalo juu ya meza ya ofisini, akawaambia: wewe leo ndiwe mwenye meza hii, fanya kazi. Halafu yeye na wenzake wawili, John Hemphill na Daniel Griffiths, wakaliingiza kapu hilo shuleni. Walikusanya walimu wakuu wa shule za msingi zaidi ya 200, wakamwambia kila mmoja kwamba sasa ni mkuu mpya wa shule iitwayo Whitman, shule ambayo haikuwapo duniani. Wakawaonyesha picha za sinema za shule hiyo na kuwaeleza habari za mji wake na walimu wake. Kisha kila mtu akaketi na rundo lake la barua, za wazazi, za wakubwa, za walimu wenye manung'uniko, na saa ukutani. Aandike majibu, atoe amri, aite mkutano, au aache; shauri lake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962.

Kilichonipendeza katika matokeo hayo ni kwamba wakuu wale hawakutofautiana kwa wingi wa kazi tu. Wako waliokata shauri papo hapo, barua baada ya barua. Wako waliotumia wakati kutafuta habari kwanza, kuuliza, kulinganisha barua hii na ile, ndipo wakaamua. Tena vyuo vikuu viliona kwamba chombo hiki kilichotengenezwa kwa kupima kinafaa zaidi kwa kufundisha, kwa sababu mwalimu aliyezoea kuuliza maswali darasani hapa ndiye anayeulizwa, na majibu hayako nyuma ya kitabu.

Niliporudi Dzaleka nilitengeneza kapu letu. Nilichukua katoni ya sukari, si ile ile lakini ndugu yake, nikaandika karatasi 14. Mojawapo ilitoka ofisi ya elimu, yataka hesabu ya wanafunzi kufikia Alhamisi. Nyingine ilikuwa orodha ya watahiniwa wa Kidato cha Nne, majina mawili yamesahauliwa, na Baraza la Mitihani laitaka kesho. Mlinzi aliandika kwamba kufuli ya stoo imevunjwa lakini hakuna kilichoibwa, "nadhani". Walimu wawili waligombea chumba kimoja kwa saa ile ile. Wageni waja kesho saa 4 kuiona maktaba. Baba mmoja alileta barua ya ghadhabu kwa Kirundi, lugha ambayo wengine hawaisomi. Na karatasi ya tisa ilikuwa ile ya msichana, nimeiandika upya kama nilivyoikumbuka, nikaikunja mara nne.

Jumamosi moja niliwaita wenzangu watatu, nikawapa saa moja kila mmoja. Sikuwaambia lo lote juu ya karatasi ya tisa.

Wa kwanza alimaliza zote 14 kwa dakika 40, kama mtu apigaye mihuri posta. Juu ya karatasi ya msichana aliandika, "Mzazi aje ofisini." Wa pili alisoma zote kabla ya kushika kalamu, akazigawa mafungu matatu kwa utaratibu mzuri sana, na saa ilipokwisha alikuwa amejibu 8 tu, ile ya msichana ilikuwa katika fungu la mambo yawezayo kungoja. Wa tatu, mama mmoja Mrundi afundishaye jiografia, alianza na majina mawili ya watahiniwa, maana alisema mlango ule ukifungwa haufunguki mpaka mwaka ujao. Baadaye akaifungua ile ya msichana, akaisoma, akakaa kimya. Akaniuliza, "Haina tarehe. Imekaa humu siku ngapi?" Nikamwambia sijui. Akaandika: "Mwalimu wa zamu atafute majina ya wote wanaochelewa somo la kwanza, na aulize wangapi wako pampuni saa hiyo. Hadi hapo asifukuzwe mtu."

Tazameni tofauti hiyo. Kwa wale wawili barua ilikuwa ya mtoto mmoja. Kwa mama yule ilikuwa habari ya ratiba ya shule nzima, imeletwa na mtoto mmoja. Tulibishana mpaka jua likatua, na yule wa kwanza hakukubali hata mwisho. Alisema kwamba mkuu akianza kuuliza foleni za maji hatapata wakati wa kujibu ofisi ya elimu. Ana haki kidogo. Lakini mimi nilikwisha kujibu ofisi ya elimu, mara zote, kwa wakati.

Sasa nirudi kwenye masomo yenyewe, msije mkadhani ni mchezo wa katoni tu. Masomo ya namna hii, katika shahada ya pili, huwa na sheria za elimu, mipango, hesabu ya fedha za shule, namna ya kuishi na wazazi na kamati, na namna ya kusoma takwimu za mahudhurio na mitihani. Sitaki kuwachosha kwa kuyaeleza yote. La fedha sitalisema kabisa, maana ndilo linalonitia jasho.

Liko moja nitakalolieleza, nalo ni kuingia katika darasa la mwenzio. Zamani mkaguzi aliingia, akakaa nyuma, akaandika, akatoka, na mwalimu akabaki akitetemeka. Katika miaka ya 1950 Morris Cogan na wenzake wa chuo cha Harvard walijaribu njia nyingine. Kabla ya somo, mkuu na mwalimu hukaa pamoja na kupatana ni jambo gani la kutazamwa. Wakati wa somo, mkuu huandika yaliyotokea, si maoni yake: nani aliulizwa, nani alijibu, mwalimu alisema dakika ngapi. Kisha huyatafakari peke yake, ndipo wakutane tena wazungumze. Nililijaribu kwa rafiki yangu mmoja, kwa ombi lake. Katika somo moja aliuliza maswali 31. Maswali 26 yaliwaendea wanafunzi wa viti vya mbele, na wasichana waliulizwa mara 4. Sikumwambia neno, nilimpa karatasi tu. Alinyamaza, akaniomba nije tena wiki ya pili, na safari hii alikuwa akitembea mpaka nyuma ya darasa huku akinitazama kwa jicho la pembeni.

Mahali pa kusoma haya ni pengi kuliko nilivyodhani. Hapa Malawi, Chuo Kikuu cha Malawi kilichoko Zomba na Chuo Kikuu cha Mzuzu hufundisha uongozi wa elimu katika shahada ya pili. Kwa jirani zetu, Bagamoyo iko Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, iliyopata jina hilo mwaka 2001 na hapo kwanza ikiitwa MANTEP; Kenya nayo ilianzisha taasisi yake mwaka 1981. Hizo hasa huwapa wakuu waliokwisha kazini kozi fupi na stashahada. Mtu atakaye shahada ya pili bila kuhama kwake aweza kuandikishwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho hufundisha kwa mbali utawala, mipango na sera za elimu. Huko Singapore, tangu mwaka 2001, makamu wa wakuu huchaguliwa na wizara, huachishwa kazi zao kwa miezi 6 hivi, nao wakiendelea kulipwa, wakasome kabla ya kupewa shule. Marekani karibu kila jimbo humtaka mkuu awe na leseni, na mara nyingi leseni hiyo haipatikani pasipo shahada ya pili na miaka ya kufundisha.

Lakini msidhani cheti chatosha. Waingereza walianzisha cheti cha wakuu mwaka 1997. Mwaka 2009 wakakifanya cha lazima kwa kila mkuu mpya. Mwaka 2012 wakaiondoa lazima hiyo. Na huko Marekani, mwaka 2005, Arthur Levine, aliyekuwa wakati huo rais wa Teachers College ya New York, alitoa ripoti iliyowaumiza wengi wa kazi yake mwenyewe. Alisema kwamba vyuo vingi vyapokea watu ovyo, vyawafundisha mambo yasiyohusiana na shule wanazozijua, na walimu wengi wanakuja kwa ajili ya nyongeza ya mshahara tu, wala hawana nia ya kuwa wakuu. Mimi naamini maneno yake. Masomo ya uongozi yasiyokufikisha chini ya mkono wa mkuu mzoefu, katika shule ya kweli yenye karatasi za kweli, ni kama kujifunza kuogelea kwa kusoma habari za ziwa. Masomo yangu yanadai majuma 12 ya mazoezi ya namna hiyo, na mwalimu mkuu wetu amekubali nimfuate kama kivuli. Amekwisha kuniambia jambo la kwanza: nisiketi ofisini saa ya kwanza ya asubuhi, nisimame langoni.

Hapo ndipo mke wangu aliponiuliza swali ambalo sina budi kulitaja. "Karo hiyo ni mafuta ya kupikia ya miezi mingapi? Na ukishapata, mkimbizi atapewa shule gani?" Swali lake ni la haki. Shule za serikali hazitanipa ukuu; tumekwisha kuona masharti ya sheria. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na wako waliorudi wakiwa na vyeti vizuri kuliko changu, nao leo wanauza nyanya. Nilimjibu kwamba kambini humu yako madarasa ya jioni, na shule za watoto wadogo zilizoanzishwa na wazazi wenyewe, na kila moja ina mtu ambaye siku moja alikabidhiwa funguo bila kuambiwa cho chote. Nilimjibu pia kwamba Kivu ya Kusini bado ipo, na shule zake zipo. Akasema, "Haya, basi." Ninyi mlio na wake mnajua neno hilo lina uzito gani. Lakini karo ya muhula wa kwanza tuliilipa pamoja, nusu kutoka katika kibanda chake cha mandazi.

Mtihani wangu ni juma la tatu la mwezi ujao, nami nitaufanyia Lilongwe, ruhusa ikipatikana. Kati ya karatasi mbili, ya kwanza ni ya fedha, ya pili ni kapu.

Katoni yetu iko juu ya kabati katika chumba cha walimu. Mwanafunzi ye yote wa Kidato cha Nne atakaye kuijaribu na aje Jumamosi saa 8 mchana, na penseli yake mwenyewe. Waliokuja kucheka chini ya mwembe nawakaribisha kwanza. Nimeongeza karatasi ya kumi na tano, nayo sitasema ni ya nini.